Masikio ya Akina Mthembu

Kwenda kuripoti tumbo, yaani kupeleka habari ya mimba kwa ukoo wa kijana, kuna utaratibu wake, na upande ule wa Nongoma, Uzuluni, hakuna aliyeujua utaratibu huo kuliko shangazi Khombisile. Mnaondoka asubuhi, jua halijawa kali. Binti anavishwa blanketi mabegani hata kama joto linatoa jasho. Mkifika kwa watu hamwingii ndani. Mnasimama langoni, kimya, mpaka wenyeji waone aibu wawaulize mna shida gani. Khombisile alikuwa ameshayaripoti matumbo saba ya ukoo wa Zungu, na yote saba yalipokelewa. Hili lilikuwa la nane.

Mwenye tumbo, Zibuyile Zungu, fundi cherehani wa miaka ishirini na mitatu, alisimama nyuma ya shangazi zake wawili, amekasirika. Alikuwa amesema tangu Jumapili. Alimwambia mama yake, akamwambia baba yake, akawaambia na shangazi: sina mimba, sijalala na mwanamume. Kila aliposema, walimtazama tumbo badala ya uso.

"Mwanangu," Khombisile alikuwa amemjibu, "mimi wajawazito nawajua kabla wenyewe hawajajijua. Tumbo halisemi uongo. Mdomo ndio unaosema."

Na watu wote nyumbani wakatikisa vichwa, kana kwamba hilo ni neno la maana.

Langoni kwa akina Mthembu walisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Hatimaye mzee Mthembu alitoka, mkewe MaSithole nyuma yake, na mabinti wa nyumba wakajipanga ukutani kutazama.

"Wageni, karibuni. Mmeletwa na nini?"

"Tumeletwa na tumbo, Mvelase," Khombisile alisema, akimwita mzee kwa jina la heshima la ukoo wake. "Binti yetu ameumizwa. Anasema mwenyewe kwamba aliyemuumiza yumo katika boma hili. Anaitwa Bhekizitha."

Zibuyile hakuwa amesema hivyo. Hakuna siku aliyosema hivyo. Alifungua mdomo, na shangazi yake wa pili akamkanyaga mguu.

Bhekizitha aliitwa. Kwamba alikuwa mpenzi wa Zibuyile halikuwa jambo la siri. Shanga za mapenzi alizoshonewa na Zibuyile alizivaa shingoni mwaka mzima, na dada zake hao hao waliokuwa ukutani walizipokea kwa vigelegele. Siku ile alikuja amefunga kola ya shati mpaka juu, na shanga hazikuonekana.

Baba yake akauliza swali ambalo huulizwa siku zote: "Bheki, huyu binti unamjua?"

Swali hilo lina majibu mawili, na kila mtu kule anayafahamu. Ukisema namjua, tumbo ni lako. Ukisema simjui, walioleta waende wakaulize kwingine. Lakini jamani, kulikuwa na jibu la tatu. Bhekizitha angeweza kusema: huyu ni mpenzi wangu, sijamgusa, mpelekeni hospitali. Hakuna kijana aliyewahi kufa kwa kusema maneno hayo. Yeye alitazama tumbo, akamtazama baba yake, kisha akatazama viatu vyake.

"Simjui," alisema.

MaSithole akapumua kama aliyetuliwa kuni kichwani. "Basi azae," alisema. "Mtoto akizaliwa mleteni, tutayaangalia masikio."

Mabinti wakaangua kicheko. Masikio ya akina Mthembu yanajulikana: yametoka nje kama mikono ya chungu, na hakuna mtoto wao aliyeyakosa, awe wa halali au wa vichakani. Zibuyile alisikia kicheko hicho njia nzima ya kurudi, na juu yake akasikia sauti ya Khombisile ikimlaumu kwa kuchagua kijana mwoga.

Tangu siku ile maisha yake yakabadilika kwa mambo madogo madogo, na hayo ndiyo yanayouma. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wasichana wa mtaa, anayewafundisha nyimbo na kuwapanga kwenye ngoma; wasichana wakamchagua mwingine bila hata kumuaga. Kwao akakatazwa maziwa ya mgando, maana mwenye tumbo la aibu hayagusi maziwa ya zizi la baba yake. Wengine wakila ugali mkavu wa mahindi na mgando, yeye aliwekewa wake na majani ya maboga yaliyochemshwa. Watoto wa kaka yake walimchungulia bakuli kwa huruma.

Wazee wa nyumba walimwita jina lake kwa kejeli. Zibuyile maana yake ng'ombe wamerudi. Baba yake alimpa jina hilo akitumaini kwamba siku moja mahari yake itajaza zizi. "Wamerudi wapi?" Khombisile aliuliza siku moja mbele ya wageni. "Huyu amerudi na tumbo tu."

Zahanati nako hakukuwa na nafuu. Nesi wa zamu alimtazama alipoingia tu mlangoni, akachukua kadi ya wajawazito.

"Nesi, naomba unipime kwanza mkojo," Zibuyile alisema. "Mimi sina mimba."

"Vipimo vya mkojo vimeisha tangu wiki iliyopita. Na hili lako linahitaji kipimo gani, dada? Hata kipofu analiona." Akamlaza, akaweka lile pembe la kusikilizia mapigo ya mtoto juu ya kitovu, akafumba macho. "Huyu hapa. Anapiga vizuri kabisa."

"Lakini hachezi."

"Mvivu kama baba yake." Nesi akacheka, akaandika.

Basi ikawa imeandikwa. Na kitu kikishaandikwa kwenye kadi, mtu mwenyewe hana tena la kusema. Kila mwezi alienda, kila mwezi pembe liliwekwa, kila mwezi wakasema anapiga. Vipimo vya mkojo vilirudi zahanati, vikaisha, vikarudi tena, wala hakuna aliyekumbuka kumpima, maana kadi ilishasema.

Zibuyile alibaki na kitu kimoja cha kumwamini, futi yake ya kushonea. Kila Jumamosi alijizungusha futi kiunoni, mlango umefungwa. Tisini na nne. Tisini na tisa. Mia na saba. Alikuwa amewashonea wajawazito nguo nyingi, alijua matumbo yao yanavyochongoka mbele na kushuka. Lake lilijaa pande zote sawasawa, kama mfuko wa unga. Usiku alilala kwa ubavu, akisikia uzito ukihama polepole kama maji kwenye dumu. Hilo nalo alimwambia mama yake, na mama akamwambia anywe uji.

Miezi ya kuzaa ilifika, ikapita. Wa kumi ukaingia. Sasa maneno yakageuka. Wengine wakasema Zibuyile amefungwa tumbo na wachawi wa akina Mthembu. Akina Mthembu nao wakasema ni yeye mwenyewe aliyejifunga, kwa sababu anayaogopa masikio ya baba mwingine. Nesi wa zahanati ndiye aliyeogopa kuliko wote. Aliita gari la wagonjwa, akaandika kwa herufi kubwa "mtoto amechelewa", akampeleka hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo.

Khombisile alipanda naye garini. Hakutaka kuambiwa habari na mtu mwingine.

Mtaalamu wa ultrasaundi alikuwa mwanamke wa Kisotho anayeitwa Dineo, aliyezungumza Kizulu cha kupindapinda na kuvaa miwani iliyofungwa kwa plasta. Alimwambia Zibuyile anywe maji mpaka kibofu kijae, kisha akamlaza, akampaka jeli tumboni.

"Ni wa kike au wa kiume?" Khombisile aliuliza kabla kifaa hakijagusa ngozi.

Dineo alikisogeza kile kifaa juu, akakisogeza chini, akakizungusha ubavuni. Kioo kilionyesha weusi mtupu, mkubwa, umejaa kioo chote. Uso wake ukabadilika. Aliichukua kadi ya zahanati, akaisoma mbele na nyuma.

"Nani alikupima mkojo?"

"Hakuna," Zibuyile alisema.

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Niliomba."

Dineo akaiweka kadi chini taratibu, namna mtu anavyoweka kitu ambacho angependa kukitupa. "Miezi mitano ya kliniki," alisema. "Miezi mitano, na hakuna aliyekupa hata kikombe cha kukojolea."

"Nina kansa?" Zibuyile aliuliza. Lilikuwa swali alilolalia miezi yote, na sasa lilitoka kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Subiri, mdogo wangu. Daktari ndiye wa kusema, lakini ninachokiona nitakuonyesha. Hutatoka humu bila kujua." Akakigeuza kioo kimwelekee yeye, si shangazi. "Hiki cheusi ni maji. Kwenye mashine hii maji huwa meusi. Huu mstari mweupe unaoyazunguka ndio ukuta wake. Unauona ulivyo mwembamba? Laini, haujavimba mahali, hauna vinundu. Ndani hakuna nyama iliyoota. Sasa nawasha rangi, tuone kama damu inakimbilia humo." Akabonyeza. Rangi ilimetameta kidogo pembeni, katikati pakabaki peusi. "Haikimbilii. Na nje ya huu uvimbe hakuna maji yaliyovuja tumboni. Uvimbe wa kansa mara nyingi huwa na fujo nyingi; huu umetulia. Umeota kwenye kifuko chako cha mayai cha kushoto. Utatolewa, upelekwe maabara, hapo ndipo tutakuwa na hakika. Lakini kwa macho yangu, huu si mbaya. Ni mkubwa tu, na unaweza kujisokota siku yoyote ukakuua kwa maumivu, ndiyo maana hulali nyumbani leo."

"Na mtoto?" Khombisile aliuliza. "Mtoto amekaa wapi?"

"Mama, hakuna mtoto."

"Amekufa?"

"Hajawahi kuwapo." Dineo akakisogeza kifaa chini kabisa. "Huu hapa mfuko wake wa uzazi. Mdogo kama pera, umesukumwa pembeni, mtupu."

"Lakini mapigo yalisikika! Kila mwezi!"

Dineo akakibonyeza kifaa juu ya kitovu, akaongeza sauti. Chumba kikajaa mapigo. "Haya? Huu ni mshipa wake mkubwa wa damu. Maji yanapitisha sauti vizuri. Mlikuwa mnamsikia yeye mwenyewe."

Zibuyile alilala akisikiliza damu yake. Miezi yote ile, watu waliinamisha vichwa, wakafumba macho, wakanyamaza wamsikilize, na bado wakadhani ni mtu mwingine. Alitaka kulia, yakatoka maneno.

"Nilisema, shangazi."

Khombisile alikuwa ametazama ukutani.

"Nilisema Jumapili. Nikasema njiani. Nikasema kila siku."

Dineo akamchapia picha moja kwenye karatasi ndogo inayong'aa, ile ile ambayo akina mama wengine huipeleka nyumbani waitundike. Juu yake iliandikwa tarehe, jina lake, na kipimo: sentimita ishirini na nane. Zibuyile aliitia kwenye kibegi chake cha futi na mkasi.

Walimpasua Alhamisi. Daktari alitoa uvimbe mzima bila kuupasua, pamoja na kifuko cha mayai cha kushoto kilichokuwa kimeliwa chote. Cha kulia alikiacha, kizima, na mfuko wa uzazi mzima. Majibu ya maabara yalirudi baada ya wiki mbili na siku kadhaa: haukuwa kansa. Dineo alipanda mwenyewe wodini kumwambia.

Aliporudi nyumbani na gauni lililokuwa linamning'inia, baba yake alimtazama muda mrefu. Ukoo wa Zungu huitwa kwa heshima Manzini, maana yake kwenye maji. "Kumbe kweli sisi ni Manzini," mzee alisema, akijaribu kucheka, na kicheko kikamfia mdomoni. Zibuyile hakumsaidia. Alikwenda jikoni, akajipakulia maziwa ya mgando bakuli zima, akala amesimama, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Jioni ile Khombisile alisafisha koo. "Tunamshukuru Mungu. Yameisha."

"Hayajaisha," Zibuyile alisema. "Mlilipeleka tumbo kwa akina Mthembu. Nendeni mkalirudishe."

Shangazi akashika kifua. "Kulirudisha? Desturi hiyo haipo. Tumbo huripotiwa, halirudishwi. Tangu lini?"

"Tangu mliporipoti ambalo halipo."

"Watu watajua tu wenyewe, mwanangu. Habari hutembea."

"Ya kwanza haikutembea, shangazi. Uliipeleka kwa miguu, mchana, ukanivisha blanketi. Uliwaambia kwamba nimesema mwenyewe. Na hii utaipeleka hivyo hivyo."

"Nitasema nini, mimi mtu mzima, mbele ya MaSithole? Watu wataanza kuniuliza na yale mengine saba!"

"Wakuulize," Zibuyile alisema. "Mimi wamenicheka miezi mitano. Wewe utachekwa asubuhi moja. Ukikataa nitakwenda peke yangu, nitasimama langoni, na wakiniuliza nani aliyeona mimba nitataja jina lako kamili."

Ilikuwa lugha kali kwa mtu mzima, na mama yake alifunika mdomo kwa kanga ya mabega. Lakini mzee Zungu, ambaye siku ya kwanza hakusema kitu, na huenda ukimya huo ulikuwa umemkosesha usingizi, aliweka kikombe chake chini.

"Khombi," alimwambia dada yake, "uliongoza kwenda. Utaongoza tena."

Kupanda mchongoma, wahenga walisema, kushuka ndio ngoma. Khombisile alitembea njia ile ya kwa akina Mthembu kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Zibuyile hakuvaa blanketi. Alivaa gauni la kijani alilolishona upya wiki ile, limembana kiunoni, na wote waliokuwa mashambani waliinua vichwa.

Walisimama langoni, kimya. Mzee Mthembu alitoka, MaSithole nyuma yake, mabinti ukutani. Macho yote yalishuka tumboni kwa Zibuyile, yakakosa pa kutua.

"Mmeletwa na nini?"

Khombisile alisogea hatua moja mbele. "Mvelase, tume... Lile tumbo tuliloliripoti hapa. Halikuwa mimba. Ulikuwa ugonjwa. Binti alisema, na sisi hatukumsikiliza. Mimi ndiye niliyekosea, kwa macho yangu haya."

Zibuyile akafungua kibegi, akampelekea MaSithole ile karatasi inayong'aa.

"Ulisema akizaliwa tumlete," alisema. "Huyo hapo. Yatafute masikio."

MaSithole aliishika ile karatasi kwa vidole viwili, akautazama weusi ulioijaza, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. Mmoja wa mabinti alicheka kwa mazoea, kisha akajiona yuko peke yake, akaacha.

Mzee Mthembu ndiye aliyepata sauti kwanza, na ilikuwa sauti ya furaha. "Sasa si habari njema hii? Mtoto wa watu ni mzima, hana doa! Bheki! Bhekizitha, njoo hapa! Mambo haya tuyazike, tuanze mwanzo."

Bhekizitha alikuja mbio. Kola ilikuwa wazi, na shanga zilikuwa nje, nyekundu na nyeupe, zinaonekana tangu mbali. Kumbe alikuwa nazo siku zote.

"Zibu," alisema, akitabasamu mpaka masikioni, na si safari ndogo. "Mimi nilijua tu. Moyoni nilijua."

"Ulijua?"

"Nilijua sijakugusa. Nikadhani labda kuna mwingine... lakini moyoni..."

"Ulijua hujanigusa," Zibuyile alisema, "na ulijua mimi ni mtu wa namna gani. Ungeyasema hayo mawili, ningekwenda hospitali mwezi ule ule."

Kijana akamtazama baba yake amwokoe. Mzee akacheka kidogo, akanyanyua mkono kama mtu anayetuliza ng'ombe. "Hasira za wapenzi hizo, tumezipitia sote. Binti yangu, tusahau. Nikuulize tu mbele ya shangazi zako, liishe: huyu kijana unamjua, sivyo?"

Zibuyile alimtazama Bhekizitha. Alizitazama shanga alizozishona kwa mkono wake, moja moja, dirishani, mwaka ule wa furaha. Kidonda cha tumbo kilimvuta kidogo.

"Simjui," alisema.

"Ah, mwanangu!" MaSithole alilia. "Usiseme hivyo. Khombisile, mwambie, msaidie kusema vizuri..."

Wote wakamgeukia shangazi, mjuzi wa maneno ya langoni. Khombisile alimtazama binti wa kaka yake usoni, mara ya kwanza tangu tumbo lilipoanza kuonekana, kisha akajifunga leso vizuri na kusimama wima kama zamani.

"Mmesikia, Mvelase," alisema. "Safari hii amesema mwenyewe."